Mfadhili Asimame

Watu wengi huanzisha chama cha kusaidia watoto kwa sababu wana huruma. Mimi nilianzisha changu kwa sababu nilikuwa na hasira, na sioni kwa nini nifiche. Hasira ndiyo iliyokuwa ikinivuta kwenye cherehani hata siku ambazo mgongo unagoma. Huruma peke yake ingechoka njiani, ikarudi nyumbani kulala.

Na hasira yangu ilikuwa na mwenyewe. Mji mzima ulimwita Mama Sare, kwa sababu duka lake ndilo lililouza sare za shule, na mzazi asiyekwenda kwake hakuwa na kwingine pa kwenda. Sare zake nazijua ndani nje. Hazina pindo. Mtoto akirefuka kidogo tu, magoti yako nje, na mama yake anarudi dukani kununua nyingine. Mimi nilipoanza kushona za bure kwa ajili ya watoto wasio na uwezo, nilikunja pindo la kiganja kizima, tena nikaacha nafasi kiunoni, ili mtoto akikua nguo iachiliwe ikue naye. Nikapanga chumba kilichokuwa cha kinyozi, ng'ambo ya barabara, macho kwa macho na duka lake. Cherehani nikaiweka dirishani. Nilitaka kila akiinua kichwa anione.

Kosa lake ni hili. Nilikuwa mchumba wa mwanawe. Mimi na Mama Mlezi, yule aliyenilea kwenye kituo cha watoto yatima tangu nikiwa kichanga cha kufungwa kwenye shuka, tulikwenda kwa Mama Sare kujitambulisha. Mama Mlezi alivaa viatu vyake vya kutokea, vile vinavyombana, akavumilia. Hatukupewa hata maji. Mama Sare aliuliza mimi ni wa ukoo gani, Mama Mlezi akajibu kwamba ni wa kwake. Yule mama akacheka, kicheko chenyewe kifupi, kisha akasema, "Mwanangu hataoa mtu asiye na kwao."

Maneno yale yalinikata maini. Lakini kilichoniua ni mwanawe. Alikuwa amekaa pembeni yangu anachezea uzi uliochomoka kwenye mto wa kochi, na hakusema neno. Angesema ndiyo, ningejua ni adui. Angesema hapana, ningekuwa mke wake leo. Alinyamaza tu, mpaka mimi na Mama Mlezi tukanyanyuka wenyewe tukatoka.

Sasa Mama Sare alikuwa mgeni rasmi kwenye uzinduzi wa chama changu. Nilimwalika kwa heshima zote, kadi ya maua na nini. Angekataa, mji ungesema. Angekuja, mji ungeona. Yeye ni mwenyekiti wa wafanyabiashara na anapenda meza ya mbele, kwa hiyo alikubali. Na mimi nilikuwa nimepanga, akishamaliza kugawa sare na kupigiwa makofi, nishike kipaza sauti nisimulie mbele ya watu wote alichotufanyia. Nilitaka akione cha mtema kuni akiwa amevaa vizuri.

Asubuhi ya siku hiyo nilifika kituoni mapema. Turubai lilikuwa limeshafungwa uwanjani na viti vimepangwa. Nikaambiwa kuna mtoto wa kike ameletwa jana yake jioni, hana sare, na wenzake wote wanazo. Nikasema hakuna neno, cherehani nimekuja nayo, nipeni kitambaa.

Hapo ndipo nilipoona Mama Mlezi anababaika. Kwa kawaida yeye ndiye aliyekuwa akikata kitambaa, kisha ananiletea vipande vikiwa tayari kwa kushona. Kitambaa chenyewe, majora kwa majora, kilikuwa kinatoka kwa mfadhili asiyetaka kutajwa. Nilikuwa nimeshauliza mara nyingi ni nani, na kila mara Mama Mlezi ananiambia mtu akitoa kwa siri mwache na siri yake. Mimi nikajisemea ni tajiri fulani mwenye madhambi mengi anatafuta nafuu.

"Subiri nikukatie, mwanangu," akaniambia, ameshika mlango wa stoo.

Nikamwambia akapumzishe miguu, nikampita. Jora la bluu lilikuwa juu ya rafu, jipya, halijaguswa. Nikaliteremsha, nikalikunjua mwanzo wake, na mkono wangu ukasimama.

Ncha ya kile kitambaa ilikuwa imekunjwa na kupigwa bandi, ule mshono mrefu mrefu wa kushikiza tu, ili nyuzi zisichomoke. Wauza vitambaa hawafanyi hivyo. Wanakata, wanakunja, wanakukabidhi, nyuzi zikichomoka utajua mwenyewe. Mtu mmoja tu niliyemjua alikuwa na tabia hiyo, na mimi ndiye niliyemfundisha. Tena bandi ile ilikuwa imelala upande usio wake, kwa sababu aliyeipiga anatumia mkono wa kushoto.

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya stoo.

Wanamwita Taratibu, huyo mwana wa Mama Sare. Jina hilo alipewa utotoni, kwa sababu hata kiatu anakifunga kama mtu anayesoma maelekezo. Alikuja kwangu mara ya kwanza na suruali iliyoachia mshono, nikaishona, akairudisha wiki iliyofuata imeachia pale pale, na nilipoiangalia nikaona imefumuliwa kwa wembe. Nikamwuliza kama ana ugomvi na suruali yake. Akainama, shingo ikamwiva, akasema anatafuta sababu ya kuja. Basi nikamwambia kaa, utie uzi kwenye sindano, upige bandi, usinikalie bure. Alikaa miezi. Vidole vyake vinene vilikuwa vinahangaika na sindano, nami najifanya naangalia kitambaa kumbe naangalia kope zake. Nilimpenda yule mwanamume mpaka nikawa nacheka peke yangu njiani.

"Tangu lini?" nilimwuliza Mama Mlezi.

Alikuwa bado amesimama mlangoni. Akasema tangu mwanzo kabisa. Kijana alisikia nimeanzisha chama, akamfuata, akasema kitambaa chote kitatoka kwake, kutoka kwenye fungu aliloachiwa na baba yake, dukani kwa mama yake hachukui hata kipande. Sharti lake moja, nisijue. Mama Mlezi alikuwa akizifumua zile bandi kwa mkono wake, moja moja, kabla ya kuniletea vipande.

"Ulinificha mimi, Mama?"

"Nilificha watoto wangu wapate nguo," akasema. "Ungejua, ungezikataa. Unakataa au hukatai?"

Sikumjibu, kwa sababu ningekataa. Akaja akakaa karibu yangu kwa shida, magoti yake si ya kukaa chini tena. Akaniambia anajua nilichopanga kusema jioni ile, maana mimi nikikasirika uso wangu hausitiri kitu. Akaniambia wale watoto watakuwa wamekaa pale mbele na nguo mpya, siku yao, na yeye hataki wafanywe fimbo ya kumpigia mtu. Nilimsikia. Ila sikuahidi chochote, na yeye hakunilazimisha.

Nikamtuma mtu akamwite Taratibu.

Alikuja mchana, na alipoona lile jora limefunguliwa mapajani mwangu alijua. Sikuwa nimesimama naye karibu tangu siku ile ya kwao. Amekonda kidogo. Shati amelipiga pasi mwenyewe, naona, kola moja imelala na nyingine imesimama, na mkono wangu ulitaka kwenda kuirekebisha. Nikaukalia.

Nilimwuliza nani alimtuma. Akasema hakuna. Nikamwuliza alifikiri anafanya nini, ananihurumia? Akatikisa kichwa. Akasema alijua ninalofanya pale ng'ambo ya barabara, na alijua ninalifanya dhidi ya nani, na alitaka nifanikiwe.

"Dhidi ya mama yako mzazi?"

"Ulikuwa na haki," akasema. "Sikuwa na kitu kingine cha kukupa."

"Ulikuwa nacho. Ulikuwa na mdomo."

Akanyamaza. Jamani, nilipoona ananyamaza damu ilinichemka upya. Nikamwambia mimi sikuwahi kumwomba kitambaa. Mwaka mzima nashona kisasi changu kwa mikono yangu, najisifu moyoni kwamba nimesimama mwenyewe, kumbe nimesimama juu ya jora lake. Ameninyang'anya hata hasira yangu. Na amefanya kwa siri, kama alivyonipenda kwa siri, kama mtu anayekula gizani asije akaonwa na jirani.

"Mama ana presha," akasema polepole. "Siku ile niliogopa nikisema ataanguka."

"Mimi je, nilianguka au sikuanguka? Uliniona?"

Hapo macho yake yakajaa. Ni mtu mzima, ana mabega mapana, na alilia bila kujifuta. Akasema hajaacha kunipenda hata siku moja, na kila akipiga bandi kwenye ncha ya kitambaa alikuwa anajiona amekaa kwenye kile kistuli changu. Akaniambia nimwambie afanye nini, atafanya.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Moyo wangu ulishaanza kulegea, nakiri. Nilikuwa nimeota mara ngapi aje alie mbele yangu, na ndotoni nilikuwa namcheka. Sasa amekuja na sicheki. Lakini nikajikaza kisabuni. Mwanamume aliyekunyamazia mara moja, ukimsamehe stooni mlango ukiwa umefungwa, atakunyamazia maisha yote.

"Jioni nitauliza mfadhili wetu ni nani," nikamwambia. "Mama yako atakuwa mbele, mji wote utakuwepo. Sitakutaja, sitakuangalia. Ukisimama, tutaongea. Usiposimama, mimi na wewe basi, na kitambaa chako nitakurudishia hata kama itabidi niuze cherehani."

Akauliza, na mama je? Nikamwambia huyo ni mama yake, si wangu, amfikirie yeye.

Akatoka taratibu kama kawaida yake. Nikakata kitambaa, nikashona sare mbili za yule mtoto mgeni, ya kuvaa na ya kubadilishia kama za wenzake, na mshono wa bega nikaufumua nikaurudia.

Jioni uwanja ulijaa. Walikuja walimu, majirani, wafanyabiashara wenzake Mama Sare, na wale wasiokosa shughuli yoyote yenye viti. Watoto walikaa mikekani mbele, mikono mapajani, wameambiwa wasichafuke. Mama Sare alikuja na miwani ya dhahabu na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kikasimama wima. Taratibu alimfuata nyuma amembebea mkoba, akaketi mstari wa tatu. Sikumwangalia, ila nilijua alipo kila dakika, mwili wangu wenyewe ulikuwa unajua.

Mama Sare akapewa kipaza sauti. Alisema vizuri, mjuzi wa maneno yule. Akasifu elimu, akasifu usafi. Alinitaja mara moja tu, akaniita "binti mshonaji." Halafu akawageukia watoto, akasema jamii ina wajibu wa kuwaonea huruma viumbe hawa, watoto wasio na kwao.

Nilitazama mikekani. Yule mtoto mgeni, mwenye sare niliyoimaliza mchana ule, alikuwa akitabasamu muda wote. Akaacha. Akaangalia chini, akaanza kuvuta pindo la sketi yake lifunike magoti, na wa pembeni yake naye akainama. Mimi najua wanachofanya watoto wakiinama namna ile. Niliinama hivyo utoto wangu wote. Nikasahau kochi la Mama Sare, nikasahau posa yangu. Hasira iliyonipanda saa ile haikuwa yangu peke yangu tena, ilikuwa ya wale wote waliokaa mikekani, na ilikuwa kubwa kuliko ile niliyokuja nayo.

Nikapokea kipaza sauti. Mama Mlezi alinitazama kutoka kwenye kiti chake, akafumba macho, nafikiri alikuwa anaomba.

Sikusimulia nililopanga kusimulia. Nilisema kila sare wanayoiona imetoka kwenye kitambaa cha mtu mmoja, mtu ambaye hajawahi kujitokeza, na leo chama kinamwomba ajitokeze, kama yupo hapa. Basi. Nikakishusha kipaza sauti.

Watu wakageuka huku na huku. Wakanong'ona. Mtu mmoja nyuma akakohoa, wote wakamgeukia, maskini akatikisa mikono kwamba si yeye. Mstari wa tatu hakuna kilichotikisika. Nikajiambia haya, umepata jibu, sasa geuka ulie ukifika nyumbani.

Mama Sare akaninyang'anya kipaza sauti. Hakupenda ule ukimya, aliona shughuli inapoa, na yeye ndiye mgeni rasmi. Akasimama, akainua mkono.

"Mfadhili asimame tumwone," akasema, sauti yake ikijaa uwanja. "Asione haya. Mtu mwenye moyo wa namna hii amelelewa vizuri. Ametoka kwenye ukoo wa watu. Asimame tumpigie makofi, na sisi wengine tujifunze kwake."

Watu wakaanza kupiga makofi kabla hawajajua wanampigia nani.

Taratibu akasimama.

Alisimama polepole, akaweka mkoba wa mama yake kwenye kiti, akafunga kifungo cha shati. Makofi yakawa mengi zaidi, kisha yakapungua, kwa sababu watu walimwona Mama Sare. Alikuwa bado ameinua mkono.

"Ni mimi, Mama," akasema. Hakuwa na kipaza sauti na hakukihitaji. "Kitambaa ni changu, nimekitoa kwa mapenzi yangu. Na huyu unayemwita binti mshonaji ndiye niliyemleta nyumbani nikakuacha umtukane nikiwa nimekaa. Nampenda. Nilipaswa kusema siku ile. Nasema leo."

Yule mama alishusha mkono. Akamwambia akae, kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kilikuwa mdomoni, na uwanja wote ukasikia ile "kaa chini" kama tangazo. Mtu mzima yule, mbele ya wafanyabiashara wenzake, amemsifu mtoto wake kwa malezi mema kisha anamkemea kwa malezi hayo hayo. Hana pa kwenda. Akisema ni kosa, amejitukana. Akisema ni sawa, amenikubali. Nilikuwa nimengoja kuuona uso ule, na nilipouona niliutazama vizuri, sikupepesa.

Taratibu hakukaa. Alikuwa ananiangalia mimi. Macho yale yale ya mtu aliyefumua suruali yake kwa wembe. "Nimesimama," akasema. "Unasemaje?"

Wanawake wa nyuma wakaguna kwa raha. Mama Mlezi alikuwa amefumbua macho. Mimi nilitaka kukimbia katikati ya vile viti nikamkumbatie, na Mungu ananiona kwamba miguu ilishaanza kwenda. Nikaizuia.

"Nimekusikia," nikamwambia, nikapaza sauti wa mwisho naye asikie. "Nami nakupenda. Lakini jibu la posa sikupi wewe. Atakuja kulichukua mama yako. Arudi hapa hapa kituoni, siyo kama mgeni rasmi, aje kama wanavyokuja wazazi wote wenye shida na binti wa watu. Apige hodi mlangoni kwa Mama Mlezi, aulize mimi ni wa nani, na akiambiwa mimi ni wa hapa, aseme asante. Asipokuja, mwanawe atazeeka na bandi zake."

Hakuna aliyepiga makofi. Taratibu akatikisa kichwa kukubali, akiwa bado amesimama, akageuka akamtazama mama yake, na safari hii yeye ndiye aliyemngoja mama aseme.

Sikuwapa nafasi. Sare za kubadilishia zilikuwa bado mezani, na mgeni rasmi kazi yake ni kugawa. Nikamwita yule mtoto aliyeletwa jana yake aje achukue sare yake ya pili. Akaja amenyanyua kichwa kidogo tu, akasimama mbele ya Mama Sare, akapokea kwa mikono miwili, na kwa adabu aliyofundishwa huko alikotoka, ambako hakuna aliyejua ni wapi, akasema, "Shikamoo, bibi."

Mji mzima ulikuwa unasikiliza. Mama Sare alifungua mdomo, akaufunga. Kisha kipaza sauti, ambacho alikuwa amesahau kukiweka chini, kikatusikizisha wote sauti yake ikikwama na kutoka.

"Marahaba, mjukuu wangu."